Historia ya Marekani 1877–1941: Uanzie Enzi Ipi Kati ya Nne?

Mwaka juzi kijana mmoja wa shahada ya kwanza alinijia na daftari. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika, kwa wino mwekundu, mada ya tasnifu yake: "Historia ya Marekani 1877 hadi 1941." Nikamwuliza anakusudia kuiandika kwa miaka mingapi. Akacheka kile kicheko cha mtu aliyekwisha kusoma kurasa mia tatu na bado hajaandika hata sentensi moja.

Simlaumu. Miaka hiyo ina reli, migomo, matajiri ambao majina yao bado yako kwenye vyuo na maktaba, vita vya dunia, pombe iliyopigwa marufuku, muziki wa jazi, mabenki yaliyofunga milango na watu waliohama na magodoro juu ya gari. Wanahistoria kwa kawaida huikata vipande vinne: Enzi ya Kupakwa Dhahabu (1877–1900), Enzi ya Wanamageuzi (1900–1920 hivi), miaka ya 1920, na Mdororo Mkuu pamoja na Mpango Mpya wa Rais Franklin Roosevelt (1929–1941). Hapa nimeviweka vipande hivyo bega kwa bega kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuchagua kimoja: mwanafunzi mwenye insha, mwalimu anayeandaa kipindi, au msomaji wa kawaida aliyeona picha ya watu kwenye foleni ya mkate akataka kujua walifikaje pale.

Nitakavyopima

Kila enzi nitaipima kwa mambo matano. La kwanza ni swali lake kuu, maana bila swali utabaki kuorodhesha matukio. La pili ni vyanzo: nini unaweza kukifungua bure kwa simu na bando la kawaida. Vingi mno viko kwa Kiingereza, na hilo halina dawa ya haraka. La tatu ni ugumu, yaani unahitaji uchumi au sheria kiasi gani kabla ya kuelewa kinachoendelea. La nne ni mtego ambao wageni wa enzi hiyo hunasa. La tano ni mahali inapogusa upande wetu wa dunia, kwa sababu msimamizi wa tasnifu atakuuliza, na pia kwa sababu miguso hiyo ipo kweli, haihitaji kulazimishwa. Mwishoni mwa kila enzi nitasema inamfaa nani.

1. Enzi ya Kupakwa Dhahabu (1877–1900)

Jina hili limetokana na riwaya ya mwaka 1873 ya Mark Twain na mwenzake Charles Dudley Warner. Angalia vizuri: walisema kupakwa dhahabu, hawakusema dhahabu. Juu kunang'aa, ukikwaruza unakuta bati.

*Swali lake.* Nani mwenye nchi, aliyepigiwa kura au mwenye mtaji? Napenda kulionyesha swali hili kwa kitu kidogo kuliko migomo na mabilioni: saa ya ukutani. Kabla ya Novemba 1883 kila mji wa Marekani ulikuwa na saa sita yake ya mchana, jua likifika utosini pale pale mjini. Treni ikitoka mji mmoja kwenda mwingine, ratiba ilikuwa vurugu tupu. Tarehe 18 Novemba 1883 makampuni ya reli yaliigawa nchi katika kanda za saa na kuagiza stesheni zote zifuate. Bunge halikupiga kura. Lilikuja kutunga sheria ya kanda hizo mwaka 1918, miaka 35 baadaye. Mtu alilala na saa ya mji wake, akaamka na saa ya kampuni. (Sisi ambao saa moja yetu ni saa saba ya wengine tunaweza kuelewa kwamba kuhesabu saa ni jambo la madaraka pia.)

Ukishaliona hilo, mengine yanajipanga yenyewe. Kampuni ya mafuta ya Standard Oil, iliyoanzishwa na John D. Rockefeller huko Cleveland mwaka 1870, ilishika karibu asilimia 90 ya usafishaji wa mafuta nchini ndani ya miaka kumi na ushei. Kule Homestead, Pennsylvania, tarehe 6 Julai 1892, walinzi wa kukodiwa wapatao 300 wa kampuni ya Pinkerton waliletwa kwa matishari mtoni usiku ili wakikomboe kiwanda cha chuma cha Andrew Carnegie kutoka kwa wagomaji. Siku nzima risasi zikarushwa. Walinzi walisalimu amri, lakini jimbo likaleta wanamgambo, na chama cha wafanyakazi kikavunjika mgongo. Miaka miwili baadaye, kwenye mgomo wa Pullman, kampuni ilikuwa imepunguza mishahara bila kupunguza kodi za nyumba ilizowapangisha wafanyakazi hao hao. Serikali ikapeleka jeshi. Na sheria ya mwaka 1890 iliyotungwa kudhibiti makampuni hodhi ikatumika mahakamani dhidi ya wagomaji. Hapo ndipo swali la enzi hii linapouma.

Walioumia hawakuwa wafanyakazi wa viwandani peke yao. Mwaka 1877 askari wa serikali kuu waliondolewa Kusini na Waamerika Weusi wakaachwa mikononi mwa mabwana wao wa zamani. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ikahalalisha utengano wa Weusi na Wazungu katika kesi ya Plessy. Wachina walifungiwa mlango kwa sheria ya mwaka 1882. Walakota, wenyeji asilia wa nchi, waliuawa kwa mamia pale Wounded Knee tarehe 29 Desemba 1890, wanawake na watoto wakiwa wengi.

*Vyanzo.* Ni vingi, na kwa kuwa vimeshazeeka havina hakimiliki. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka magazeti ya zama hizo mtandaoni, unatafuta kwa neno na tarehe. Picha za Jacob Riis za vyumba vya maskini wa New York zipo, na maandishi ya Ida B. Wells, mwandishi Mweusi wa Memphis aliyeanza kuchunguza mauaji ya Weusi yaliyofanywa na makundi ya watu bila kesi wala hukumu baada ya marafiki zake wenye duka kuuawa mwaka 1892, yanasomeka bure mengi.

*Ugumu.* Wa kati, isipokuwa sehemu moja: ugomvi wa dhahabu na fedha, yaani madini ya fedha. Wengi hulikimbia. Ukiliweka shambani linaeleweka. Mkulima wa Kansas amekopa dola mia. Dola zimefungwa kwenye dhahabu, dhahabu ni chache, hivyo bei za vitu zinashuka kila mwaka, ngano ikiwemo. Deni halishuki. Mwaka wa kukopa alihitaji magunia kadhaa kulilipa, sasa anahitaji mengi zaidi, na mikono ni ile ile. Ndiyo maana wakulima walitaka fedha nayo iwe sarafu ya kweli, na ndiyo maana mwanasiasa William Jennings Bryan aliwatia wazimu wajumbe wa chama chake cha Democratic kwa hotuba yake Chicago mwaka 1896. Akashindwa uchaguzi wa urais hata hivyo.

*Mtego.* Kukariri marais. Hayes, Garfield, Arthur, Cleveland, Harrison, Cleveland tena. Waache kwanza.

*Inapotugusa.* Hapa kuna hazina ambayo sijaona watu wengi wakiichimba. Sebule ya Mmarekani wa tabaka la kati miaka ya 1890 haikukamilika bila piano, na vibonye vyeupe vya piano vilikuwa pembe za ndovu. Viwanda viwili vya Connecticut, kimoja Deep River na kingine katika kijiji kilichopewa jina la Ivoryton, vilinunua pembe kwa wingi kutoka Zanzibar, zilizobebwa mabegani kutoka bara. Huko pembe ilipasuliwa vipande vyembamba kama karatasi ngumu, kisha vikapangwa chini ya mabanda marefu ya vioo ili jua living'arishe. Kati ya mgongo wa mpagazi njia ya Tabora na kidole cha binti anayejifunza wimbo wa kanisani Ohio kuna mnyororo mmoja tu wa biashara. Mwanafunzi wa Dar es Salaam, Zanzibar au Bujumbura ana sababu ya kuuandika kuliko wa Boston.

*Inamfaa nani.* Anayependa habari za biashara, kazi, ardhi na nguvu za mali. Na anayetaka mada ambayo wenzake darasani hawataichagua.

2. Enzi ya Wanamageuzi (1900–1920)

*Swali lake.* Je, sheria inaweza kuufuga mtaji bila kuuchinja? Rais McKinley alipouawa Septemba 1901, makamu wake Theodore Roosevelt, miaka 42, aliingia na jibu la ndiyo. Mwaka 1906 zilitoka kwa siku moja sheria mbili, ya ukaguzi wa nyama na ya usafi wa vyakula na dawa, baada ya Upton Sinclair kuandika riwaya iliyoeleza machinjio ya Chicago hadi watu wakachefukwa. Mwandishi Ida Tarbell aliichambua Standard Oil kurasa kwa kurasa. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ikaivunja vipande 34. Mwaka 1913 ukaleta kodi ya mapato, maseneta wa kuchaguliwa na wananchi moja kwa moja, na mfumo wa benki kuu. Mwaka 1920 wanawake wakapata kura nchi nzima.

Ukitaka kuiona enzi yote katika jengo moja, nenda New York, Jumamosi ya tarehe 25 Machi 1911, kiwanda cha blauzi cha Triangle. Saa kumi na dakika arobaini alasiri, kazi ikikaribia kwisha, moto ulianza kwenye mabaki ya vitambaa ghorofa ya nane. Ghorofa ya tisa mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, maana wenye kiwanda walitaka wasichana watoke upande mmoja wakapekuliwe mikoba. Ngazi za zimamoto ziliishia ghorofa ya sita. Walikufa 146, wengi wao wasichana wahamiaji, Wayahudi na Waitaliano. Wenye kiwanda walishtakiwa, wakaachiwa. Chini barabarani alikuwa amesimama mwanamke aitwaye Frances Perkins akiangalia watu wakiruka. Lishike jina hilo, tutakutana nalo tena.

*Vyanzo.* Pengine ndivyo vilivyopangwa vizuri kuliko vyote. Chuo Kikuu cha Cornell kimeweka mtandaoni ushuhuda, picha na taarifa za moto wa Triangle. Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Amherst kimeweka barua na karatasi za W.E.B. Du Bois, mwanazuoni Mweusi na mmoja wa waanzilishi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, mwaka 1909. Vitabu vya zama hizo havina tena hakimiliki.

*Ugumu.* Sheria zaidi ya uchumi. Lazima uelewe kwamba Marekani ina serikali kuu na majimbo, na kwamba mahakama inaweza kuifuta sheria. Bila hapo utashangaa kwa nini watoto waliendelea kufanya kazi viwandani wakati kila mtu alionekana kupinga.

*Mtego.* Kuwafanya wanamageuzi malaika. Woodrow Wilson aliyesaini sheria nyingi nzuri ndiye ambaye serikali yake, kuanzia 1913, iliwatenga wafanyakazi Weusi katika ofisi za Washington. Marufuku ya pombe nayo ilikuwa mradi wa wanamageuzi. Usiandike enzi hii bila kivuli chake.

*Inapotugusa.* Aprili 1909, wiki chache baada ya kutoka Ikulu, Theodore Roosevelt alishuka Mombasa na mwanawe Kermit, akapanda reli ya Uganda akiwa ameketi mbele ya injini kuangalia wanyama. Msafara wake ulikusanya vielelezo vya wanyama zaidi ya 11,000, wakubwa kwa wadogo, kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Mtu aliyesifiwa kwao kwa kuhifadhi misitu alikuja kwetu na bunduki, na wapagazi kwa mamia. Kuna insha nzuri hapo, mradi usiigeuze kuwa matusi matupu.

*Inamfaa nani.* Wanasheria watarajiwa, wanahabari, watu wa vyama vya wafanyakazi, na yeyote anayetaka mada yenye mwanzo na mwisho ulio wazi: tukio, ghadhabu, sheria.

3. Miaka ya 1920

*Swali lake.* Mmarekani wa kweli ni nani? Ndiyo, watu huifahamu enzi hii kwa jazi, sketi fupi na Al Capone, jambazi wa Chicago. Lakini ugomvi wake wa ndani ulikuwa huo. Sheria ya uhamiaji ya 1924 iliwapunja Waitaliano, Wayahudi na Waslavi kwa hesabu ya kijanja: kila taifa lilipewa asilimia 2 ya watu wake waliohesabiwa Marekani mwaka 1890, yaani kabla hao hawajafurika. Waasia karibu wote wakafungiwa nje. Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, ikafufuka ikiwa na wanachama kwa mamilioni, ikaandamana Washington mchana kweupe Agosti 1925. Mei 31 na Juni 1, 1921, mtaa wa Greenwood mjini Tulsa, uliokuwa na maduka, hoteli na madaktari Weusi, ulichomwa moto na umati wa Wazungu, nyumba zaidi ya elfu moja. Na upande wa pili wa sarafu ni Harlem, mtaa wa Weusi mjini New York, na washairi kama Langston Hughes, watu waliojibu swali hilo kwa kuandika.

Marufuku ya pombe, Januari 1920 hadi Desemba 1933, huwavutia wengi. Inavutia kweli. Lakini nayo, ukiitazama kwa karibu, ilikuwa vita vya vijijini dhidi ya mijini, Waprotestanti dhidi ya baa za Wakatoliki wahamiaji.

*Vyanzo.* Mchanganyiko. Magazeti yapo, na redio ilianza kuwa biashara kuanzia kituo cha KDKA cha Pittsburgh Novemba 1920, ila sauti zilizohifadhiwa ni chache. Vitabu vilivyotoka Marekani kabla ya 1929 ni huru kusambazwa. Vingine lazima uangalie mwaka.

*Ugumu.* Rahisi kuingia, vigumu kutoka na hoja. Kila mtu anaweza kueleza gari la Ford lilivyoshuka bei kutoka dola 850 mwaka 1908 hadi chini ya 300 katikati ya miaka ya 1920. Kueleza kwa nini mkulima wa nchi hiyo hiyo alikuwa tayari hoi, bei za mazao zikiwa zimeporomoka tangu 1920 baada ya vita, hilo linataka kazi.

*Mtego.* Kuamini kwamba wote walikuwa wakicheza.

*Inapotugusa.* Kwa maoni yangu ndiyo enzi yenye mguso wa kisiasa ulio mkubwa kuliko nyingine. Marcus Garvey, Mjamaika aliyeongoza harakati za watu Weusi akiwa na makao Harlem, aliwajaza watu Madison Square Garden Agosti 1920, na gazeti lake, *Negro World*, lilipigwa marufuku katika makoloni kadhaa ya Uingereza. Mpigania haki Harry Thuku alipokamatwa Nairobi Machi 1922 na polisi wakafyatulia risasi umati uliotaka aachiwe, Garvey alimpelekea waziri mkuu wa Uingereza, Lloyd George, telegramu ya kupinga. Miaka miwili baadaye ikaja sauti nyingine ya Kimarekani: tume ya elimu ya Phelps-Stokes, iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 akiwemo James Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo), ikihimiza elimu ya kazi za mikono kwa mfano wa Tuskegee, chuo cha Weusi kule Alabama. Shule ya Jeanes pale Kabete ilizaliwa mwaka uliofuata. Garvey upande mmoja, Tuskegee upande wa pili, na watoto wetu katikati. Mimi ningeisoma tasnifu hiyo bila kulazimishwa.

*Inamfaa nani.* Watu wa fasihi, muziki, dini, utambulisho. Na anayesoma historia ya harakati za Waafrika akitaka kujua upepo ulitokea wapi.

4. Mdororo Mkuu na Mpango Mpya (1929–1941)

*Swali lake.* Mtu anapoanguka bila kosa lake, nani anamdai nani? Wamarekani waliolelewa kuamini kwamba umaskini ni uvivu waliamka na kukuta jirani yao mchapakazi yuko foleni ya supu. Kufikia 1933 karibu robo ya nguvukazi haikuwa na ajira. Benki zipatazo 9,000 zilifilisika kati ya 1930 na 1933, na akiba za watu zikaenda nazo. Makazi ya mabanda yaliitwa vijiji vya Hoover, kwa jina la rais aliyekuwa madarakani. Gazeti la kujifunikia usiku likaitwa blanketi la Hoover, na mfuko mtupu uliogeuzwa nje ukaitwa bendera ya Hoover. Watu wakicheka hivyo ujue maji yamefika shingoni.

Franklin Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi 1933, akafunga mabenki yote, na usiku wa tarehe 12 akazungumza redioni. Isikilize hotuba ile. Anaeleza kama mwalimu wa darasa la tano: pesa unayoweka benki haikai kabatini, inakopeshwa, hivyo wote mkija kuidai siku moja hakuna benki itakayoweza. Kesho yake mabenki yalipoanza kufunguliwa watu walipanga foleni kuzirudisha. Kisha zikaja taasisi kwa vifupisho vyake, CCC ya kazi za misitu kwa vijana, TVA ya mabwawa ya umeme, WPA ya ajira za serikali, na mwaka 1935 sheria ya vyama vya wafanyakazi na ya hifadhi ya jamii. Waziri wa kazi aliyeisukuma hifadhi ya jamii, mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mawaziri, alikuwa yule yule Frances Perkins wa Triangle. Lakini sheria hiyo iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani, na Kusini hao walikuwa wengi wao Weusi.

*Vyanzo.* Hapa unaweza kuzama. Serikali iliajiri waandishi na wapiga picha waliokuwa hawana kazi, wakaacha kumbukumbu kubwa ajabu, nyingi zikiwa bure kwenye Maktaba ya Bunge. Chukua picha maarufu ya mama mhamiaji, iliyopigwa na Dorothea Lange kule Nipomo, California, Machi 1936, kambi ya wavunaji wa njegere ambao zao lao lilikuwa limeungua kwa baridi. Wengi wameiona ile moja: mkono shavuni, watoto wamegeuza nyuso. Ila alipiga kadhaa dakika zile zile. Zipange kuanzia ya mbali: kwanza unaona hema lililochanika na vitu vilivyotapakaa, kisha kamera inasogea, vitu vinapotea, mwisho anabaki mama peke yake na watoto wasio na sura. Hilo ni zoezi zima la jinsi chanzo kinavyotengenezwa. Zipo pia simulizi zaidi ya 2,300 za watu waliowahi kuwa watumwa, zilizokusanywa 1936 hadi 1938. Zisome ukikumbuka kwamba wahoji wengi walikuwa Wazungu wa eneo hilo hilo, na mzee anayesubiri msaada wa serikali hasemi yote.

*Ugumu.* Ndiyo ngumu kuliko zote kwa upande wa uchumi, na usidanganywe na picha. Kwa nini uchumi ulianguka kiasi kile? Wapo wanaolaumu benki kuu kwa kuacha pesa zikauke, wapo wanaosema watu na makampuni waliacha kutumia, wengine wananyooshea kidole kule kuifunga dola kwenye dhahabu na ushuru wa forodha wa 1930. Hata idadi ya wasio na kazi mwaka 1940 inabishaniwa: ukiwahesabu waliokuwa kwenye kazi za serikali kuwa hawana ajira unapata picha moja, ukiwahesabu kuwa wanayo unapata nyingine.

*Mtego.* Kusema soko la hisa lilianguka Oktoba 1929 na kesho yake kila mtu akawa maskini. Kipimo cha Dow, cha bei za hisa, kilikuwa 381 Septemba 1929, kikafika 41 Julai 1932. Ni karibu miaka mitatu ya kuteremka, na katikati yake kuna maamuzi ya watu.

*Inapotugusa.* Bei ya mkonge na kahawa ilianguka, na kodi ya kichwa ikabaki ile ile. Yule mkulima wa Kansas na deni lake anarudi, safari hii yuko Moshi. Chama cha ushirika cha KNCU kilizaliwa Kilimanjaro katika miaka hiyo hiyo, 1933. Magharibi mwa Kenya walowezi waliofilisika walikimbilia dhahabu ya Kakamega, na mwaka 1932 sheria ya ardhi za wenyeji ikarekebishwa ili kuwapa nafasi.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi wa uchumi au sera, mpenda picha, na mwalimu wa kidato cha nne, maana mada hii imo darasani.

Sasa uchague vipi?

Ukiwa na wiki mbili na maneno elfu tatu, Enzi ya Wanamageuzi itakusitiri: chukua tukio moja na sheria moja. Ukiwa na mwaka mzima na msimamizi mwenye subira, na kama unaishi karibu na nyaraka za Zanzibar, Enzi ya Kupakwa Dhahabu kupitia pembe za ndovu itakulipa zaidi, kwa sababu nusu ya ushahidi uko mlangoni kwako.

Kama hesabu za uchumi hukuzipenda tangu shuleni, usiingie Mdororo kwa mlango wa mabenki. Ingia kwa picha au kwa simulizi. Kama unazipenda, ingia kwa benki kuu, ila soma kwanza ugomvi wa dhahabu wa 1896. Wanafunzi wengi hukwama 1931 kwa sababu waliruka hapo.

Mwalimu mwenye vipindi viwili tu achukue hotuba ya redio ya Machi 1933 kimoja, na picha za Nipomo kingine. Anayefuatilia mapambano ya Weusi hawezi kujifungia katika enzi moja. Amfuate mtu, Ida B. Wells au Du Bois, na mipaka ya miaka itajipanga yenyewe. Anayesoma kwa burudani aanze miaka ya 1920, akubali kushikwa na Capone kidogo, kisha ageukie Tulsa.

Na kama bado huna uhakika, fanya nilivyomwagiza yule kijana. Kwa kila enzi chagua tarehe moja ya kawaida isiyo na tukio lolote, fungua gazeti moja la siku hiyo, usome kila kitu: bei za mayai, kesi za wezi wa kuku, nafasi za kazi, matangazo. Nusu saa kwa kila moja. Yeye la 1931 alilifunga baada ya dakika kumi. La 1895 alikuwa bado analisoma maktaba ilipozima taa, kwenye ukurasa wa matangazo ya piano.